Kabla Hujanunua Spea, Usikilize Usukani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva, wenye magari na mafundi vijana, Mtwara mjini, kuelekea msimu wa korosho)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu madereva, mafundi wenzangu, wenye magari, na ninyi vijana mnaojifunza kazi, assalamu alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za asubuhi.

Nimeombwa niongee kuhusu kelele za usukani, nikakubali bila kusita kwa sababu ya kalenda. Oktoba msimu wa korosho unaanza. Fuso na Canter zitapanda na kushuka kati ya Tandahimba, Newala, Masasi na maghala, zimejaa magunia. Noah na Hiace nazo zitakimbizana na abiria, maana korosho ikilipwa watu wanasafiri. Gari linaloingia kwenye kazi hiyo huku usukani unagonga halitapona njiani. Litazidi kuharibika, na siku litakapokata tamaa litakuwa na mzigo au lina watu ndani.

Nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Kelele ya usukani ina mahali pake na ina wakati wake. Ukishajua inatoka wapi na inatoka lini, kazi kubwa umeimaliza, kilichobaki ni spana. Asiyejua hayo mawili anabahatisha, na kubahatisha kwetu huku Kusini kunauma kuliko Dar es Salaam. Fundi wa Dar akikosea anatembea hatua chache kurudisha kifaa Kariakoo. Sisi spea tunaipigia simu, inapakiwa kwenye basi, inasafiri zaidi ya kilomita 500, na ikifika ukaifunga na kelele ikabaki palepale, mwenye gari amelipia kifaa, amelipia mzigo, na gari lake limelala siku kadhaa bila kuingiza shilingi.

Nitawapa mfano. Ililetwa kwangu Noah kutoka Masasi. Ilikuwa inagonga kila ukikata steringi gari likiwa limesimama. Ilishapita gereji mojawapo, ikabadilishwa steringi reki nzima, yaani kile kifaa kinachopokea mzunguko wa usukani na kuyasukuma matairi, ikapigwa alaimenti, yaani matairi yakapangwa yakae sawa, na kelele haikupungua hata kidogo. Nilimwomba mwenyewe akae kwenye usukani azungushe taratibu, mimi nikaingiza mkono kwenye tairi la mbele kushoto nikashika springi. Springi ilikuwa inajikaza, inajikaza, halafu inaruka chini ya kiganja, na ikiruka ndipo kunasikika "goh!" Beringi ya maunti ya shokapu, ile inayokaa juu kabisa pale shokapu inaposhikwa na bodi, ilikuwa imekufa kwa kutu. Reki iliyotolewa pengine ilikuwa nzima. Yule bwana alilipa bei ya reki kwa ugonjwa wa kiberingi kidogo, kwa sababu hakuna aliyeweka mkono pale.

Kwa hiyo mteja akifika na kusema "fundi, usukani unalia", usichukue spana. Uliza. Unalia gari likiwa limesimama au likitembea? Asubuhi injini ikiwa ya baridi, au hata ikishachemka? Ukikata kushoto, kulia, au kote? Ukikata mpaka mwisho, au hata ukigusa kidogo? Unalia kwenye lami tambarare au mpaka tairi liingie shimoni? Na sauti yenyewe ikoje: inaunguruma, inapiga kelele ya juu kama mkanda, inagonga, inakatakata, inakwaruza? Dereva mzuri ana majibu yote hayo kichwani, ila hakuna aliyemuuliza. Nanyi madereva, msiseme tu "ina mlio". Fundi anahitaji hayo mengine.

Tuanze na muungurumo, maana ndio mwingi kwenye Noah za zamani, Hiace na magari yote yenye pawa steringi ya oili. Ukizungusha usukani injini inaonekana kama inalalamika, "mwuuu", na ukiongeza moto sauti inapanda. Hapo unashughulika na pampu na oili yake. Lakini sikilizeni vizuri: kuunguruma kwa pampu hakumaanishi pampu imekufa. Mara nyingi pampu inalia kwa sababu inavuta hewa au haipati oili ya kutosha. Fungua mfuniko wa tangi la oili, angalia kiwango. Angalia na rangi. Oili mpya ya ATF, yaani ile ya giaboksi za otomatiki ambayo steringi nyingi zinaitumia, ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia iliyokolea au nyeusi, tena inanuka kuungua, imechoka zamani. Halafu angalia kama ina povu. Povu ni hewa, na hewa ndiyo inayopiga kelele ndani ya pampu.

Swali linalofuata: hewa imeingiaje? Kama oili imepungua, kuna mahali inavuja, kwa sababu mfumo huu umefungwa na oili yake haiungui kama ya injini. Pitisha tochi kwenye maungio ya mipira ya presha, kwenye sili (raba ya kuzuia oili isitoke) ya shafti ya pampu, na kwenye mipira ya vumbi ya reki. Ule mpira wa vumbi uliojikunja kama ngozi ya kinanda, ubonye. Ukikuta oili imejaa ndani yake, sili ya reki imepasuka hata kama chini ya gari hakuna tone. Na kuna kisa kinachowasumbua mafundi wengi: oili haijapungua, hakuna uvujaji, lakini povu lipo. Hapo kagua upande wa kuvuta, yaani mpira mnene unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, na ringi ndogo ya mpira kwenye ungio lake. Ringi ikikauka inapitisha hewa ndani bila kutoa oili nje. Ni kifaa cha bei ndogo sana, na kimewafanya watu wabadilishe pampu nzima.

Matangi mengine yana chujio dogo kwenye sakafu ya ndani. Likiziba kwa uchafu pampu inakosa oili, inalia. Kabla ya kuihukumu pampu, litoe tangi ulioshe.

Kutoa hewa nako kuna utaratibu wake, na watu wanauharakisha. Nyanyua matairi ya mbele, weka stendi. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi, taratibu, mwenzako akiongeza oili kila inaposhuka. Mapovu yakiisha ndipo uwashe injini, uzungushe tena, uangalie tena. Ukiwasha injini mapema, pampu inaipiga ile hewa na oili kuwa povu laini, na utasubiri saa nyingi litulie.

Sasa oili gani? Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Toyota nyingi zenye pawa steringi ya oili zinatumia ATF, Dexron II au III. Honda zina oili yao maalumu. Baadhi ya magari ya Ulaya yanatumia oili ya kijani ambayo haichanganywi na ATF. Soma mfuniko wa tangi au kitabu cha gari. Na kamwe, kwa dharura yoyote ile, usimimine oili ya breki kwenye steringi. Oili ya breki na ATF hazina undugu. Oili ya breki inaharibu sili za steringi, na ukifanya kinyume, ukatia ATF kwenye breki, raba za breki zinavimba na gari linapoteza breki kabisa. Nimeona chupa mbili zimekaa rafu moja gerejini bila maandishi, na kijana ameagizwa "lete oili". Mabosi wa gereji, andikeni chupa zenu.

Kelele ya pili ya mbele ya injini ni ule mlio wa juu, "kwiiii", hasa asubuhi au unapokata mpaka mwisho kuegesha. Huo ni mkanda, fenibelti. Mkanda unaozungusha pampu unateleza pale pampu inapoelemewa. Ukitaka kuuhakikisha mkanda wenye mifereji, mwagia maji kidogo upande wa mifereji injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa moto, mikono na nguo zikae mbali. Kelele ikipotea kisha ikarudi, puli hazijakaa mstari mmoja. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Wale wanaopaka sabuni au grisi kwenye mkanda waache: unanyamaza leo, kesho unateleza zaidi, na oili na grisi zinakula raba.

Hapo hapo niseme ni kelele gani si ugonjwa. Ukikata steringi mpaka mwisho ukaisikia ikitoa "shhh" hafifu, hiyo ni vali inayopunguza presha inafanya kazi yake. Ukiwa umeshikilia mwisho, presha ndani ya magari madogo mengi inafika kati ya bar 70 na 100, wakati tairi lako lina bar mbili na ushee tu. Kwa hiyo usishikilie pale zaidi ya sekunde chache. Gusa mwisho, rudisha kidogo. Dereva anayegeuza gari huku ameng'ang'ania mwisho anachemsha oili na kuichosha pampu kwa mikono yake mwenyewe. Na matairi yakilia kwenye sakafu laini ya saruji, ni tairi na saruji, tusihangaike nayo.

Tuje kwenye kugonga na kukatakata. Hapa ndipo palipo na uhai wa watu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukikata kona gari likitembea ukasikia "tak-tak-tak-tak" inayokwenda kasi na tairi, hiyo ni sivi jointi ya nje, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Tafuta uwanja, kata mpaka mwisho, zunguka polepole upande mmoja, kisha mwingine. Mara nyingi ukikata kushoto na ikalia, ni ya kulia, kwa kuwa tairi la nje ndilo lililobeba. Angalia buti yake, ule mpira unaoifunika. Buti ikipasuka, grisi inatoka na mchanga unaingia, na mchanga ndani ya sivi jointi unasaga chuma kwa chuma. Huku kwetu hili ni la kila siku. Pita barabara za vumbi za vijijini, au njia za mchanga za kwenda Msimbati, buti iliyochanika haikupi muda mrefu. Kubadilisha buti na kutia grisi mpya mapema kunaokoa jointi nzima. Ikishaanza kukatakata, buti peke yake haisaidii tena.

Ukipita kwenye mashimo ukasikia "ko-ko" na usukani ukakupiga kidogo viganjani, tunatafuta kitu kilicholegea kati ya mikono yako na tairi. Nyanyua gari, weka stendi. Narudia kwa vijana: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuchungulia. Shika tairi kushoto na kulia, litikise. Likicheza, mtu mwingine achungulie: ni tairodi endi ya nje, kile kichwa cha fimbo inayolisukuma tairi, au ni reki endi ya ndani iliyofichwa na mpira wa vumbi? Halafu shika juu na chini, tikisa. Likicheza hivyo, ni boli jointi, kiungo cha duara kinacholishikilia tairi huku likigeuka, au ni beringi ya tairi. Mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, tazama boli jointi. Hii kazi ni ya dakika chache, haihitaji mashine, na inamaliza ubishi wote.

Kama vyote hivyo vimekaza na kugonga kunaendelea, shika bomba la reki lenyewe mtu akizungusha usukani. Bushi za reki, zile raba zinazoishikilia, zikichoka reki nzima inasogea kabla ya tairi kusogea. Stabilaiza linki, ile fimbo fupi ya mfumo unaozuia gari kulala kwenye kona, nayo inagonga kwenye mashimo na watu wanailaumu reki bure. Ishike, itikise, utaijua. Na ikiwa kugonga unakusikia ndani, karibu na pedali, na unakuhisi kwenye usukani gari likiwa limesimama, kagua ile jointi ya shafti ya usukani inayopita chini kwenda kwenye reki. Huwa inakauka.

Boli jointi na tairodi endi si vitu vya kuambiwa "itasogeza siku mbili tatu". Tairodi ikichomoka, tairi moja linaenda linakotaka lenyewe, na usukani mkononi mwako hauna kazi. Boli jointi ikichomoka tairi linalala. Wanaoijua Newala wanajua barabara inapanda ukingo wa uwanda wa Makonde, upande wa Shimo la Mungu bonde lote la Ruvuma liko chini yako. Fikirini tairodi ichomoke katika mteremko wa namna hiyo, Hiace ina watu. Kwa hiyo fundi akikuta boli jointi inacheza, amwambie mwenye gari waziwazi kwamba gari hili halitoki kubeba abiria. Mwenye gari akikasirika, akasirike. Na mwenye gari naye asimsukume dereva aondoke nalo. Dereva ana mke na watoto, na abiria wake wana watu wanaowasubiri.

Ukifunga mpya, kaza kwa kipimo, tumia nati mpya pale kiwanda kinapotaka nati mpya, na ile kota pini irudi mahali pake. Kota pini haina bei ya kuzungumzia, na ndiyo inayozuia nati kufunguka. Nimeshakuta imewekwa waya wa kufungia uzio. Halafu alaimenti ni lazima, kwa sababu umegusa urefu wa tairodi. Bila alaimenti matairi ya mbele yataisha upande mmoja kabla msimu haujaisha, na matairi si bei ya mchezo.

Wa malori: Fuso zenu zina kingipini, zile pini nene ambazo matairi ya mbele yanageukia, na kingipini zinaishi kwa grisi. Gari likipakiwa magunia, usukani ukawa mzito na ukasikia kukwaruza au kulia "ngriii" ukikata taratibu, kwanza nyanyua ekseli ili uzito utoke, kisha piga grisi kwenye nipo zote, vile vichuchu vya kuingizia grisi, mpaka ya zamani itoke, ndipo uhukumu. Ukipiga grisi lori likiwa limekaa na uzito wake wote, haifiki inakotakiwa. Mkifanya hivyo kabla ya kila msimu, nusu ya kelele za malori hamtazisikia.

Sisi tunaokaa pwani, Mikindani, Shangani, Lindi mjini, Kilwa, tuna adui wa ziada: chumvi. Upepo wa bahari unakula nyuzi za tairodi, nati za boli jointi na zile beringi za maunti nilizozitaja. Gari linalolala karibu na maji lioshwe chini mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi, si bodi tu inayong'aa. Na unapofungua tairodi iliyoshika kutu, paka oili ya kulainisha kutu jioni, uifungue asubuhi. Nyundo na haraka vinaharibu nyuzi, na reki endi ikizunguka pamoja na nati umeongeza kazi.

Magari madogo mengi ya sasa, kama Vitz, Passo na IST, yana usukani wa umeme. Kwenye hayo hakuna oili, hakuna pampu, kwa hiyo usitafute mahali pa kumimina. Kukiwa na kelele, anza na viungo vya chini kama nilivyoeleza, halafu shafti. Taa ya usukani ikiwaka kwenye dashibodi, pima kwa mashine na pima betri, kwa sababu umeme ukishuka usukani unakuwa mzito. Na kukiwa na mkwaruzo laini ndani ya usukani wenyewe, honi haifanyi kazi na taa ya eabegi (ule mfuko wa hewa wa ajali) imewaka, ni ule utepe wa nyaya uliojikunja nyuma ya usukani. Usiufungue kabla hujatoa waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa. Eabegi ikilipuka usoni mwako inaumiza vibaya.

Kuhusu bushi za raba zinazolia "nyii-nyii" nitasema kidogo tu: msizipake oili ya injini wala dizeli. Zinanyamaza wiki moja halafu raba inaoza. Kama ni kavu tu na haijapasuka, kuna vilainisho vya silikoni. Kama imepasuka, badilisha.

Wenye magari mnapolalamika kwamba mafundi wanawauzia spea zisizohitajika, wengine wenu mnasema kweli, na sisi mafundi tuulipokee ukweli huo. Dawa yake iko mikononi mwenu pia. Kabla hujalipa, mwambie fundi: nionyeshe. Niwekee mkono wangu kwenye hicho unachosema kimekufa, zungusha usukani nikisikie. Fundi anayejua kazi atafurahi. Kifaa cha zamani kikitolewa, ukabidhiwe. Na ukinunua cha mtumba, kikunje mkononi dukani kabla hujaondoka: tairodi endi nzima inasogea kwa ugumu, iliyochoka inalegalega. Kwenye usukani mimi nashauri boli jointi na tairodi endi ziwe mpya, za kampuni inayoaminika, hata kama inabidi kusubiri basi la kesho. Reki ya mtumba iliyokaguliwa vizuri, naikubali.

Sasa maneno yametosha. Nje pale kuna Noah na Fuso, na stendi zimeshawekwa. Madereva wawili waje wakae kwenye usukani, wengine wote, pamoja na akina mama wenye magari, mje mmoja mmoja muweke mkono kwenye springi, kwenye tairodi na kwenye bomba la reki. Noah ile ina kitu kimoja kinachogonga. Sitawaambia ni kipi, mtaniambia ninyi.